Wakigawana watoto na vyombo, deni linabaki kwa nani?

Kuna daftari la jalada gumu ambalo hulikosi katika duka lolote la kijijini ukipanda na Mto Tana kutoka Garsen kuelekea Ndera. Liko karibu na mizani, au limetundikwa kwenye msumari, kalamu imefungwa kwa uzi pembeni. Ndani mna majina: Mama fulani, Baba fulani, na mbele ya kila jina sukari nusu, unga pakiti mbili, mafuta ya kupima, sabuni kipande. Mwenye duka mmoja ninayejuana naye tangu ujana ana desturi yake. Nyumba ikivunjika, hukunja pembe ya ukurasa wa nyumba ile. Hafuti jina wala hapigi mstari. Anakunja tu. Kila nikipita kumsalimia, macho yangu huenda kwenye daftari lile, na pembe zilizokunjwa zinazidi kuwa nyingi.

Nilimuuliza siku moja, deni la ukurasa uliokunjwa hulipwa na nani? Akaweka kibaba chini. "Baba atasema waliokula ni mama na watoto. Mama atasema mwenye nyumba alikuwa baba. Mimi nitanyamaza, kwa maana kesho watoto wao watakuja tena na kopo."

Niseme ninachoamini mapema. Katika vijiji vyetu tunajua kuvunja ndoa, lakini hatujui kuvunja hesabu yake. Wazee wa pande mbili huketi, wakazungumza watoto watalala wapi, mbuzi ni wa nani, kitanda kilinunuliwa na nani, mahari ilimalizika au haikumalizika. Deni halitajwi, kama vile kulitaja ni kuwavua watu nguo mbele ya wakwe. Nasema litajwe. Siku hiyohiyo ya kikao, kabla mtu hajabeba godoro lake, madeni yote ya nyumba yaletwe mkekani, yahesabiwe, yaandikwe, na kila moja lipate mwenyewe mbele ya mashahidi. Lisipopewa mwenyewe siku ile, deni hujitafutia, na humpata yule ambaye hana pa kukimbilia.

Mshahara ukikatika

Anayejua Ndera anajua mishahara ni michache. Kuna walimu, wauguzi, watu wa kaunti, walinzi wa hifadhi, na kuna kazi za miradi: madereva, wahamasishaji wa afya, waandikaji majina ya misaada. Kazi hizi za miradi huja na ukame au mafuriko, na huondoka wafadhili wakiondoka. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, maelfu ya wafanyakazi wa afya na wa mashirika kote Kenya walijikuta nyumbani, wengine bila hata notisi ya mwezi. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni kazi moja imepotea. Kwa mtu wa mtoni, mshahara mmoja hulisha miji mitatu minne: wake, wa mama yake, wa dada aliyefiwa, na karo ya mtoto wa kaka.

Zamani mtu akipoteza kazi alirudi shambani. Sasa shamba lenyewe limechoka kupokea watu. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikataa misimu mitano mfululizo, na ndugu zetu Waorma na Wawardei wakahesabu mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Ukame ulipoachia, Novemba 2023 maji yakaja. Aprili na Mei 2024 yakaja tena, mabwawa ya Seven Forks huko juu ya mto yakiwa yamejaa pomoni na kumwaga chini. Mahindi, ndizi na mpunga vilikwenda na maji mara mbili ndani ya miezi michache. Mwenye shamba alikopa mbegu, akapanda, zikazama. Akakopa tena. Kwa hiyo anayeachishwa kazi leo anarudi kwenye shamba ambalo nalo lina deni.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na alipe angalau ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Ni haki, na aliyeajiriwa kwa barua aidai. Lakini hesabu mwenyewe: mtu wa kandarasi ya mwaka mmoja anapata nusu mwezi, na wa kandarasi iliyokwisha muda wake hapati hata hiyo. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 19, inalinda theluthi ya mshahara isiguswe na makato ya mikopo. Ulinzi mzuri sana, ila unamlinda mwenye mshahara. Siku mshahara unapokatika, theluthi ya sifuri ni sifuri, na deni la Sacco liko palepale. Wala nchi hii haina mfuko wa kumlipa mtu kwa kukosa kazi.

Nimeona mara nyingi kazi ikiisha Januari na ndoa ikiisha kabla ya maembe ya Desemba kuiva. Simlaumu mtu. Njaa ndani ya nyumba hufanya kila neno lionekane matusi. Mume anaona aibu kukaa barazani mchana, anaanza kulala Minjila au Malindi akitafuta kibarua. Mke anaona simu haishikwi. Yanayofuata sote tunayajua.

Madeni matano

Tuseme nyumba ya mfano, nisimtaje mtu. Mume alikuwa dereva wa mradi. Alichukua Sacco 120,000, akaezeka nyumba mabati baada ya mafuriko kuibomoa ile ya makuti. Mke anauza mahamri. Alichukua 18,000 kwenye kikundi cha kina mama kulipa karo ya mtoto wa sekondari. Dukani wana 11,400. Mume ana mkopo wa simu wa 8,000. Mke ana Fuliza, deni la M-Pesa, ya 1,600. Jumla ni 159,000, na hakuna hata shilingi inayoingia kila mwezi kwa uhakika.

Angalia jinsi madeni haya yalivyo. Hakuna la benki lenye hati ya shamba. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River ni ya jamii, haijasajiliwa kwa jina la mtu, na benki haikubali rehani ya shamba ambalo halina karatasi. Watu huona hilo ni umaskini. Mimi naliona pia kama kinga, kwa maana mnada haujatuuzia mashamba. Ila ubaya wake ni kwamba deni letu limekatwakatwa vipande vidogo vilivyotawanyika: kwenye simu, kwa jirani, kwenye kikundi, dukani. Deni la kipande kimoja utaliona. La vipande kumi hujificha, na hata waliolikopa hawajui jumla yake. Wahenga walishatwambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Deni bila daftari halipotei. Linakua.

Na linakua kwa kasi gani? M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, bila kuhesabu ushuru. Chukua 10,000, utarudisha 750 juu yake. Si nyingi, utasema. Lakini anayelipa na kukopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima ametoa 9,000 kwa ajili ya kukaa na 10,000 ileile. Mfuko wa Hustler, uliozinduliwa 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. 10,000 hiyohiyo kwa siku 14 ni kama shilingi 31. Tofauti hiyo ni karo. Walakini kikomo cha mtu hutegemea rekodi yake, na wengi huanza na mia tano.

Deni la simu lina ukali mwingine ambao wazee wetu mkekani hawaujui, na nataka waujue. Fuliza hujilipa yenyewe. Pesa yoyote ikiingia kwenye laini ile, deni hukatwa kwanza. Sasa mfikirie mama aliyeachwa, yuko kwao, ndugu yake wa Mombasa anamtumia 1,500 ya unga. Ujumbe unaingia, anafurahi, anafungua: imebaki sifuri, na Fuliza bado inadai mia. Watoto wanamtazama. Nani atawaeleza? Ndiyo maana namwambia kila dada yangu: kama una Fuliza, mwambie anayekutumia pesa ya chakula aitume moja kwa moja kwa mwenye duka, au kwa mtu wa nyumbani unayemwamini, mpaka deni lile liishe.

Na kuna laini. Wanaume wengi wa kwetu wanatumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mke, au kinyume chake, kwa sababu siku ya kusajili mmoja wao ndiye aliyekuwa na kitambulisho. Ndoa ikivunjika, laini inaondoka na aliyeishika, lakini kila mkopo unaochukuliwa juu yake unaandikwa kwa jina la aliyesajili. Unaweza kuingizwa CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo, kwa soda alizokunywa mtu mwingine Malindi. Bonyeza *106# uone namba zilizo chini ya kitambulisho chako, na isiyo mkononi mwako nenda ukaikane.

Sheria, dini na mkeka

Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa uamuzi wa kesi ya Ogentoto, redio zilizungumza wiki nzima kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu yenyewe tu. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Watu walibishana juu ya mali. Sikumsikia hata mmoja akizungumzia madeni, ilhali Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 imeyataja waziwazi katika kifungu cha 10. Deni ulilokuja nalo kabla ya ndoa kwa kawaida ni lako. Deni lililochukuliwa ndani ya ndoa kwa faida ya ndoa, wanandoa wanalibeba sawasawa.

Kwa sheria hiyo, mabati ya ile nyumba ya mfano ni ya wote. Karo ni ya wote. Sukari ya dukani ni ya wote. Mkopo wa simu wa 8,000 inategemea ulikwenda wapi, na hapo ndipo ukweli unahitajika mkekani.

Sisi tulio Waislamu, na Ndera wengi wetu ndio sisi, sheria hiyohiyo inaturuhusu kufuata dini yetu katika mali ya ndoa, na Kadhi yupo kwa ajili hiyo. Wengine hudhani kufuata dini ni kumwachia mwanamke mzigo: "kila mtu na mali yake, kila mtu na deni lake." Hiyo ni nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kwamba chakula, nguo na makazi ya nyumba ni wajibu wa mume, na kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, nafaqa, yaani matunzo, ambayo mume hakumpa mkewe hubaki kuwa deni shingoni mwake. Kwa hiyo mke aliyekopa unga ili ale wakati mume hatoi kitu, anayo hoja mbele ya Kadhi. Na aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kitu gani? Kuandika deni na kuweka mashahidi. Hatuna udhuru wa kusema kuandika ni ugeni.

Wapokomo wana Gasa, baraza lao la wazee, na Waorma wana wazee wao. Nimewaona wazee hawa wakisuluhisha mambo mazito kuliko Fuliza: mashamba yaliyoliwa na mifugo, malka, yaani njia za mifugo kwenda kunywa mtoni, hata damu ya mapigano ya 2012. Wanashindwaje na daftari la dukani? Hawashindwi. Hawajaulizwa tu. Anayewaita kwenye kikao cha talaka awaombe pia jambo hili, na kijana mmoja anayejua kuandika aje na karatasi.

Ninayo sababu yangu ya kusisitiza. Miaka kadhaa nyuma nilimdhamini shemeji yangu mkopo wa Sacco. Mtu mwema, mchapakazi. Kazi yake ikaisha, ndoa yake na dada yangu ikaisha, akahama. Kwenye kikao cha kuachana nilikuwepo, nilikula pilau, nikasikia wakigawana mpaka ndoo. Sikufungua mdomo kuhusu Sacco kwa kuona haya. Mwezi uliofuata makato yakaanza kwenye mshahara wangu, na yaliendelea miezi 14. Watoto wangu ndio waliolipa: nguo za sikukuu mwaka ule hazikununuliwa. Nilijifunza kwamba mdhamini ni nyumba ya tatu ndani ya talaka, na haiitwi kikaoni. Aitwe. Na mkopaji ajue kwamba akiba yake ndani ya Sacco inaweza kukatwa dhidi ya mkopo akijitoa uanachama. Mara nyingi inapunguza mzigo mkubwa kabla wadhamini hawajaguswa. Aende ofisini mapema aulize, asingoje kuitwa.

Nani alipwe kwanza

Hapa najua wasomaji wengine watakataa, na wakatae. Mimi nasema, mwenye nyumba iliyovunjika na kazi iliyokwisha, baada ya chakula, dawa na shule, amlipe kwanza mwenye duka. Hata shilingi hamsini kwa wiki. Wakopeshaji wa simu ndio wanaopiga kelele zaidi, na mtu aliyechanganyikiwa hulipa penye kelele. Lakini barabara ikikatwa na maji, ni nani aliyekupa unga? Si programu ya simu. Mwenye duka naye ananunua kwa deni Malindi, na akianguka yeye, kijiji kizima kinakosa pa kukopa kibaba.

Wa pili ni kikundi, kwa sababu deni lako huko linalipwa na mwanamke mwenzako anayechoma makaa ya mathenge juani. Mwanamke akiachwa aende kwenye mkutano wa kikundi mwenyewe, asitume mtoto na asijifiche. Aseme: nimeachika, siwezi elfu moja na mia tano kwa mwezi, naweza mia nne. Mficha uchi hazai. Vikundi vingi vitakubali, na kisichokubali angalau kimesikia kutoka kinywani mwake.

Wa simu waje mwisho, lakini wasikimbiwe. Ukizima simu deni halizimiki. Wapigie, waombe muda, taja kiasi unachoweza. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza kukutukana, kukutisha au kuwapigia watu walio kwenye simu yako, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo hiyo faini ya shilingi 2,975,000 kwa makosa ya namna hiyo. Kukopa kwa huyu ili kumlipa yule ni kuchimba shimo ufukie shimo. Hilo likomeshwe siku ileile ya kikao, na programu zenyewe zifutwe kwenye simu baada ya kuandika kila moja inadai ngapi.

Na anayetishiwa kubebewa vyombo ajue hili: kama hukuviweka dhamana kwa maandishi, hakuna mkopeshaji wa kuja kuvibeba bila mahakama. Hata mahakama ikishaamua ulipe, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inaacha vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, nguo za lazima, na zana za kazi ya mtu. Sufuria ya mahamri haiendi. Nimemwona mama akiwapa watu sufuria yake kwa hofu tu, akabaki hana cha kumlipia deni lenyewe.

Misikiti nayo iangalie. Katika mafungu manane ya zaka, fungu moja ni la wenye madeni. Tunaligawa kwa nani? Mara nyingi tunachanga tukisikia mtu amekufa na deni, ili jeneza lake liende jepesi. Vizuri. Anayelala macho usiku akihesabu madeni, ilhali yu hai, naye ana fungu lake.

Ukurasa ule

Mwaka jana niliitwa Ndera kwenye kikao cha mpwa wangu. Kazi yake ilikuwa imekwisha, mke amekwisha kurudi kwao, kilichobaki ni maneno. Nikamwomba mjomba wa binti, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, tumwite mwenye duka. Watu walitazamana. Mzee akafikiri, kisha akasema, "Aje, na daftari lake."

Alikuja, akaketi ukingoni mwa mkeka, akasoma mstari kwa mstari. Shilingi 9,650. Kulikuwa na sukari kilo nne siku moja, na mpwa wangu akaanza kuuliza ni ya nini. Binti akasema polepole, "Ni ya matanga ya mama yako." Kimya kikaingia. Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi kuliko nilivyotarajia. Mume akachukua 6,000 pamoja na Sacco yote, mke akachukua 3,650 na kikundi chake, na mchango wa karo ukaandikwa kwa mwezi. Mzee akamtaka kila mmoja aweke dole gumba.

Mwenye duka alinyoosha pembe ya ukurasa kwa kiganja, akapiga mstari katikati kutoka juu hadi chini, akaandika jina moja kushoto na jina moja kulia. Mpwa wangu akatoa shilingi 500 palepale. Nilipopita juzi nilimwomba anionyeshe. Upande wa baba zimebaki 4,300. Upande wa mama, 1,150.